Bahasha Saba za Amana

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, na wingu limeshuka juu ya mapaa ya Edmonton, kaskazini mwa London, kama mfuniko wa sufuria.

Siku hiyo Talib Miraji aliingia kazini saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, robo saa kabla ya zamu, kama alivyofanya kwa miaka kumi na minne. Alikuwa karani katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Aliandika nani kaingia na nani katoka, akatunza majalada ya wafanyakazi, akajaza fomu zilizoletwa na hoteli. Ofisi yake ilikuwa kijichumba chenye dirisha kubwa la kioo linalotazama ukumbi wa mashine, na ndani yake mlikuwa na meza, kompyuta, birika la umeme na kabati la chuma lenye droo nne. Droo tatu za juu zilikuwa za kiwanda. Ya chini ilikuwa yake mwenyewe, na ufunguo wake aliuvaa shingoni, ndani ya fulana.

Katika droo hiyo mlikuwa na bahasha saba za kaki, na katika kila bahasha mlikuwa na pasipoti ya mtu.

Hakuna aliyemjua Talib ambaye angemwita mnyang'anyi. Alizaliwa Micheweni, Pemba, akasoma mpaka kidato cha nne, kisha akawa karani wa mizani katika kituo cha kununulia karafuu. Mizani humjenga mtu au humvunja; yeye ilimjenga. Ikawa anayesafiri humwachia ufunguo wa nyumba, na mwanamke anayegombana na mumewe humwachia dhahabu zake. Baada ya machafuko ya Januari 2001 alivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, akakaa Mombasa miezi, mwishowe akafika London na begi moja, na hata katika begi hilo nusu ya vitu vilikuwa vya watu. London nako mambo yakawa yale yale. Mzee mmoja wa msikitini alimwekesha sanda yake iliyotiwa maji ya zamzam. Familia nne zilimwachia funguo kila zilipokwenda Unguja kwa mapumziko. Talib alipokea, akaandika tarehe, akafunga, akanyamaza. Amana haiulizwi sababu, haipekuliwi, haitangazwi, na hairudi ila kwa aliyeitoa. Alifundishwa hivyo na babake, na katika miaka hamsini na sita ya umri wake hakuwahi kuona sababu ya kuyafikiria upya.

Wa kwanza kumletea pasipoti alikuwa Placida. Huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Uvira, Kongo, aliyefanya kazi kwenye mashine namba nne ya kupiga pasi. Kazi yake ilikuwa kulisha mashuka mabichi kwenye roli za moto, shuka baada ya shuka, saa nane kwa siku. Yeye na wenzake wanane waliletwa kiwandani na ajenti mmoja aitwaye Ghislain, ambaye ndiye pia aliyewapangisha nyumba karibu na barabara ya North Circular na kuwaleta kazini kwa gari lake. Siku moja ya mwezi wa Machi, wakati wa mapumziko, Placida aliingia ofisini na kitu kilichoviringwa kwenye mfuko wa mkate.

"Papa Talib, uniwekeye hii kitu."

"Kitu gani?"

"Usifungue. Weka tu."

"Na siku ukikitaka?"

"Nitakuja mwenyewe. Mtu mwingine akikuja, hata akisema nimemtuma, usimpe."

"Kitu hiki kina mwenyewe, bibie," Talib alimwambia. "Na mwenyewe ndiye wewe."

Vidole vyake vilishatambua ni kitu gani, lakini hakuuliza. Kufika Mei, wengine sita walikuwa wamemletea zao. Wa mwisho alikuwa Déogratias, kijana mrefu wa upande wa kukaushia, mtu wa mizaha.

"Papa Talib, wewe ndiye ubalozi wetu," alisema akimkabidhi. "Lakini ubalozi wako ni mzuri, hauna foleni."

Talib alicheka, akaandika jina juu ya bahasha, akafunga droo.

Mwezi wa Juni ikaja fomu ya hoteli. Ilikuja kila mwaka, kurasa sita, maswali arubaini, yote juu ya utumwa mamboleo. Hoteli zilitakiwa kuutangazia umma zinafanya nini ili mashuka yao yasifuliwe na mikono ya watumwa, basi ziliwauliza wafuaji. Wafuaji wakawauliza maajenti. Maajenti wakatia alama ya ndiyo au hapana na kurudisha. Talib ndiye aliyejaza kwa niaba ya kiwanda. Alijaza kwa uaminifu, akaambatanisha tamko la Ghislain lenye sahihi na muhuri, akaambatanisha picha za mabango yaliyobandikwa kwenye milango ya vyoo kwa lugha sita. Swali la kumi na nne liliuliza kama kuna mtu yeyote kazini anayekaa na pasipoti za wafanyakazi. Akaandika hapana. Kalamu yake haikusita hata kidogo. Wanaokaa na pasipoti za watu ni wale wanaozichukua, na yeye hakumchukulia mtu kitu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Jumanne hiyo ya manyunyu, alipokuja mkaguzi aliyetumwa na hoteli.

Aliitwa Maureen. Alikuwa mama wa Kiingereza wa makamo, mwenye koti la mvua na viatu bapa, na chai alikuja nayo mwenyewe kwenye chupa. Mwenye kiwanda, Bwana Dhiren, alikuwa amejiandaa kwa wiki nzima: sakafu imesuguliwa, mabango yamebandikwa upya, biskuti za heshima mezani. Alimpa mkaguzi orodha ya wafanyakazi kumi wa kuhojiwa, wote wazoefu, wote wanaojua Kiingereza. Maureen alimshukuru, akaikunja ile orodha, akaitia mfukoni. Kisha akaenda kwa Talib, akaomba daftari la mahudhurio, na kwa penseli yake akachagua majina mwenyewe. Jina la tatu lilikuwa Déogratias. La tano lilikuwa Placida.

Alikaa nao kantini, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Hakutaka mkalimani wa kiwandani. Alipiga simu kwa mkalimani aliye mji mwingine na kuiweka mezani katikati yao. Wala hakuuliza maswali ya fomu. Alimuuliza kila mtu swali jepesi: ukitaka kwenda kwenu kesho asubuhi, utaanzia wapi?

Déogratias alijibu bila wasiwasi. Ataanzia kwa Papa Talib, ili apewe pasipoti yake. Maureen akasimamisha mahojiano, akaenda kumuuliza Dhiren.

Saa tano kasoro dakika ishirini, Dhiren aliingia katika kijichumba cha karani na kuufunga mlango. Alikaa Stanmore, kitongoji cha London, lakini alizaliwa Moshi, dukani kwa babake, na Kiswahili alikitumia pale tu alipotaka wengine wasisikie.

"Talib bwana, nakuuliza polepole, na wewe nijibu polepole. Pasipoti za watu iko wapi?"

"Ziko hapa, Dhirenbhai."

"Hapa wapi?"

Talib alionesha droo kwa kidevu.

Dhiren alikaa kwenye kiti cha wageni. "Ngapi?"

"Saba."

"Nani alikuambia uchukue?"

"Sikuchukua. Wameniwekesha. Ni amana za watu."

"Amana!" Dhiren aliinua mikono. "Bwana wee, baba yangu Moshi angekusikia angekukumbatia. Yeye pia watu walimwekea vitu, ndiyo. Lakini hapa siyo Moshi! Hapa pasipoti ya mfanyakazi kwenye kabati ya tajiri, imefungwa na kufuli, unajua inaitwa nini? Ile mama anaandika saa hii. Hoteli tatu, Talib. Wakiondoka hao, mimi nafunga mlango, na watu mia mbili wanaenda nyumbani."

Talib alikuwa kama mtu aliyekaa miaka yote katika nyumba anayodhani ni yake, kisha akaoneshwa hati yenye jina la mwingine.

"Sasa sikiliza," Dhiren alisema, ameteremsha sauti. "Nimempigia Ghislain. Anakuja. Yeye ndiye ajenti wao, hati ya watu wake akae nayo yeye. Mama akija hapa, akute droo tupu. Tutasema ilikuwa makosa, imerekebishwa."

"Hawakumpa yeye, Dhirenbhai. Wamenipa mie."

"Mpe tu!"

"Mmoja aliniambia, hata mtu akija na kusema katumwa, nisimpe."

"Nani huyo?"

Talib alitikisa kichwa. Dhiren akatoka.

Kila mwaka tarehe hiyo, saa tano kamili, Waingereza hunyamaza dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani, na Dhiren huzima mashine. Zilizimwa moja baada ya moja, na ukumbi uliokuwa ukinguruma ukawa kimya hata matone ya maji kwenye mabomba yakasikika. Watu walisimama mahali walipo na shuka mikononi. Talib naye alisimama nyuma ya kioo chake. Hapo ndipo alipomwona Ghislain akiingia kwa mlango wa mizigo, amevaa koti zuri la rangi ya majivu. Naye pia alisimama, akavua kofia, akainamisha kichwa kwa adabu. Upande wa pili, mlangoni kwa karani, alisimama Maureen.

Zile dakika mbili Talib aliziona ndefu kuliko safari ya Shimoni. Ufunguo ulikuwa kifuani, akauhisi ulivyo baridi. Akimpa Ghislain, kiwanda kitapona, kazi za watu mia mbili zitapona, na yeye atabaki na kiti chake. Akifungua mbele ya mkaguzi, jina lake, ambalo halikuwahi kutajwa kwa ubaya Pemba wala London, litaandikwa pamoja na majina ya watu wanaouza watu. Alimtafuta Placida kwa macho. Alikuwa kwenye mashine namba nne, shuka bichi limemning'inia mikononi, na hakuinamisha kichwa kama wengine. Alikuwa anamtazama Ghislain, na uso wake ulikuwa umekauka kabisa.

Talib hakuwahi kuuona uso ule. Au labda aliuona miezi yote minane na hakuuliza.

Mashine ziliwashwa. Dhiren alikuja mbio, na Ghislain nyuma yake anatabasamu.

"Mpe," Dhiren alisema kwa Kiswahili.

Maureen alisema kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba angependa kabati lifunguliwe.

Talib aliutoa ufunguo shingoni, akapiga magoti, akafungua. Akaziweka bahasha saba mezani mbele ya mkaguzi, akamwomba kitu kimoja tu: wenyewe waitwe, kila mtu apewe chake mkononi mwake. Maureen alijibu kuwa hata utaratibu wake ndio huo.

"Hakuna neno," alisema Ghislain. "Niko nje kwa gari. Ninangojea watu wangu." Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Waliitwa mmoja mmoja. Maureen alimwomba kila mwenye bahasha ruhusa ya kuifungua, na kwa mara ya kwanza Talib akaona kilichokuwamo ndani ya vitu alivyovitunza. Kwenye pasipoti ya Déogratias mlikuwa na stika ya viza. Maureen aliisoma mara mbili, akaenda kuitazama ile nakala ya hati aliyoileta Ghislain katika jalada la kiwanda, akarudi. Viza ilisema mtu huyu ameletwa Uingereza kuhudumia wazee na wagonjwa, chini ya kampuni ya Ghislain, na si kazi nyingine. Nakala iliyokuwa katika jalada ilisema anaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Ya pili ilikuwa vivyo hivyo, na ya tatu.

Karatasi hizo Talib ndiye aliyezipokea, akazitoboa, akazipanga katika jalada. Za kweli zilikuwa chini yake, katika droo hiyo hiyo, dhiraa moja tu. Angefungua bahasha moja tu mwezi wa Machi angelijua.

Placida alipoitwa, alisimama kwanza katika ujia, mbele ya Talib.

"Papa, umefungua mdomo?"

"Nimefungua droo, mwanangu. Watakupa mwenyewe, mkononi mwako."

"Ni hapo shida iko!" Alimshika mkono wa shati. "Usinipe miye. Ukinipa miye leo, saa tisa iko kwa Ghislain. Kwako tu ndipo mkono wake haukufika."

Talib akauliza alichopaswa kuuliza miezi minane nyuma.

"Kwa nini uliniwekesha?"

"Papa, unaniuliza leo?" Alicheka kicheko kisicho na raha. "Ile nyumba iko na ufunguo moja, na iko naye. Tukitoka kazi anatufungia. Pasipoti zote aliomba, akasema ni ya kuandikisha kwa serikali. Wenzetu wawili walimpa, hawajaziona tena. Sisi tulisema zimepotea. Kila siku anatafuta, mpaka ndani ya magodoro. Na mdogo wangu eko naye. Yeye anafanya usiku mahali pengine, Ghislain anamubadilishia mahali, sijui ni wapi. Anarudi asubuhi miye nikitoka. Tunapishana mlangoni tu."

"Mwambie huyu mama yote haya."

"Niko naogopa."

Aliingia, mlango ukafungwa. Kwa kijidirisha cha mlango wa kantini Talib aliweza kuona migongo yao na simu katikati ya meza. Dakika thelathini na tano. Alimwona Maureen akisukuma karatasi mbele, na Placida akitikisa kichwa. Maureen akasema tena. Placida akatikisa kichwa tena. Mwisho karatasi ikarudi kwenye mkoba bila sahihi. Placida alitoka, pasipoti imetuna katika mfuko wa aproni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia nusu."

"Nusu gani?"

"Ile yenye haina mdogo wangu. Papa, wanasema watanichukua leo, wanipeleke nyumba ya salama. Miye. Halafu yule atarudi asubuhi, akute nani? Ghislain atamwambia nini? Sitasaini."

"Mtaje na yeye! Watamtafuta."

"Wapi? Sijui mahali anafanya kazi. Wewe unajua?"

Talib hakujua. Hakujua hata huyo mdogo wake anaitwa nani.

Alimfuata Maureen hadi kantini, akasimama mbele yake kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Alimwambia kuhusu mlango unaofungwa, kuhusu mdogo wake Placida, kuhusu gari lililokuwa nje wakati huo huo. Maureen aliandika kila neno. Uso wake ulikuwa umechoka.

Alisema atapiga simu polisi mwenyewe, dakika hiyo hiyo, na ataripoti viza. Talib aliuliza watakuja lini. Akasema labda leo, labda kesho. Haliko mkononi mwake.

"Basi mzuie Placida asiondoke," Talib alisema.

Maureen akajibu kwamba hana uwezo wa kumzuia mtu mzima asiende anakotaka.

"Hataki kwenda."

"Mimi ameniambia anataka."

Mkaguzi alifunga daftari lake, kisha akasema, bila ukali, kwamba atalazimika kumwandika na yeye pia. Katika miaka yake ya kazi, alisema, karibu kila mtu aliyemkuta na pasipoti za wengine alimwambia kuwa alikuwa anawatunzia. Baadhi yao walikuwa wakisema kweli, na ripoti haina mahali pa kuwatenga hao na wengine.

Dhiren naye hakumfokea. Alimngojea karibu na saa ya ukutani, miwani mkononi.

"Nenda nyumbani, Talib. Usije mpaka nikuite."

"Utaniita?"

Dhiren alifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akaivaa, akaangalia pembeni. "Acha ufunguo wa kabati," alisema.

Saa nane na nusu mchana zamu ilikwisha. Talib alikuwa bado amesimama nje ya lango katika manyunyu, bila mwavuli. Gari la Ghislain lilikuwa ng'ambo ya barabara, injini inawaka. Polisi hawajafika. Watu walitoka wakiwa wameinamisha shingo, wakajipanga mlangoni mwa gari bila kuambiwa. Ghislain alisimama hapo. Alinyosha mkono tu, kiganja kimetazama juu, kama mtu anayepokea tiketi. Mmoja akaweka pasipoti yake, akapanda. Wa pili akaweka, akapanda. Déogratias, yule wa mizaha, aliweka yake bila kumtazama mtu.

Placida alikuwa wa mwisho.

"Placida!" Talib aliita.

Placida aligeuka. Walitazamana juu ya barabara, na basi likapita katikati yao. Lilipokwisha kupita, alikuwa ameshapanda.

Ghislain alifunga mlango, akamwinulia Talib kofia yake. "Mzee, ahsante sana," alisema kwa sauti ya kumfikia. "Umetutunzia vizuri."

Gari likaondoka. Talib alipiga simu polisi akiwa amesimama pale pale. Waliandika, wakampa namba ya taarifa yake, wakamwambia tayari wanayo nyingine inayofanana nayo, na atapigiwa.

Jua lilizama saa kumi na robo, kama kawaida ya Novemba. Baada ya kuswali magharibi alikaa sebuleni bila kuwasha taa. Mkewe alikuwa kazini, hospitali. Binti yake Afnan, aliyezaliwa hapa hapa Edmonton na anayesomea sheria, aliingia, akawasha taa, akasikiliza habari yote. Alijibu kwa Kiingereza, kama siku zote, na babake akasema kwa Kiswahili, kama siku zote.

Afnan alitafuta kitu kwenye simu, akamsomea. Zilikuwa dalili za utumwa mamboleo, zile zile zilizokuwa katika mabango aliyoyabandika. Ya kwanza kabisa ilikuwa pasipoti iliyo mikononi mwa mtu mwingine.

"Najua," Talib alisema. "Nimeipiga picha kila mwaka, nikaambatanisha."

"Ina maana hukuisoma, Baba?"

"Nimeisoma. Sikujiona humo. Mie sikuchukua kitu cha mtu, Afnan."

"Sijasema umechukua. Nasema hukuuliza. Mwanamke anakuja kuficha pasipoti yake kwako kazini, na wewe hukumuuliza anamficha nani."

"Amana haiulizwi."

"Nani kasema?"

"Babu yako."

Afnan alikaa karibu naye, akamshika mkono, na hakusema chochote dhidi ya babu yake. Ingekuwa nafuu kama angesema. Kisha akamwambia asiende polisi peke yake. Atakuwa anajipeleka mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye mtu ambaye pasipoti zilikutwa kwake. Angojee, watafute wakili kwanza. Talib aliitikia kwa kichwa. Simu yake ilikuwa mezani, na muda wote huo haikulia.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12, mvua ilikuwa imekatika. Talib aliamka kabla ya adhana ya simu, akaswali, akavaa koti, akatoka bila kumwamsha Afnan. Saa kumi na mbili kasorobo alikuwa nje ya lango la kiwanda, upande wa barabarani. Alisimama mpaka saa moja. Watu wa zamu waliingia, wengine wakamsalimia, wengine wakajifanya hawakumwona. Gari la Ghislain halikuja. Kwenye mashine namba nne, kwa mbali kupitia mlango wa mizigo, alisimama mwanamke asiyemjua.

Basi alitembea hadi kwenye nyumba ile karibu na North Circular; anuani aliijua kutoka kwenye majalada. Polisi wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na magodoro sakafuni, yamechanwa. Watu hawakuwamo. Jirani wa pembeni alikuwa akisema kwamba waliondolewa tangu jana jioni, wote pamoja, magari mawili.

Talib alimwendea polisi aliyekuwa karibu, akavua kofia.

"Naitwa Talib Miraji," alisema kwa Kiingereza chake cha fomu. "Mimi ndiye niliyekuwa na pasipoti zao. Miezi minane."

Polisi alimtazama vizuri, akatoa daftari. Alimuuliza majina, na Talib akayataja yote saba, majina yao ya kwanza, kwa mpangilio wa bahasha. Aliuliza namba za pasipoti, Talib hakuzijua. Aliuliza tarehe za kuzaliwa; hakuzijua. Yule mdogo wa Placida, jina lake? Hakulijua. Talib alimpa namba ya simu ya Maureen, akasema yeye ndiye aliyezisoma zile pasipoti. Polisi aliandika. Kisha akauliza kama kuna chochote, chochote kile, anachokijua juu ya watu hawa.

Talib alifumba macho ili akumbuke.

"Placida ana kovu la moto," alisema, "mkono wa kushoto, hapa, juu kidogo ya kifundo. Mashine namba nne ndiyo iliyomuunguza. Mwezi wa Aprili, tarehe tisa. Nilimfunga bandeji mimi mwenyewe."

Polisi alimfungulia mlango wa nyuma wa gari, akamwomba aketi humo angojee. Talib akaingia, akaketi.